Sababu ya Kuletwa

Daftari letu pale Goba lina safu tano.
Tarehe. Jinsia. Rangi. Chanjo.
Ya mwisho ndiyo pana,
niliichora mwenyewe kwa rula ya bati:
sababu ya kuletwa.

Tunahama. Hiyo inaongoza kwa wingi.
Amekua, kana kwamba kuna aliyewaahidi
kuwa mtoto wa mbwa atabaki kiganjani.
Anabweka usiku.
Mke mjamzito, na paka ana manyoya.
Mmoja wa Tabata, mwandiko mzuri, wa kialimu,
aliandika neno moja, amezaa,
akashusha boksi la sabuni, linalia.

Sibishani. Natia tarehe.
Nikibishana, kesho boksi litashushwa dampo la Pugu.

Shaweji, mlinzi wetu, ana suruali mbili,
ya mbwa na ya swala.
Ikiadhiniwa alasiri, ya mbwa huitundika kwenye mpera,
huoga, hutawadha, husali nyuma ya stoo,
kisha huivaa tena, akakoroga dona na dagaa
katika sufuria la harusi ya mtu, halikurudishwa.
Nilimuuliza kama hachoki kuoga.
"Najisi huoshwa kwa maji," akasema.
"Aliyeshinda na njaa mlangoni kwangu, huyo nitamwosha na nini?"
Akaendelea kukoroga.

Jumamosi huja wanaotaka kuchukua.
Bwana wa Salasala, funguo za gari zinazunguka kidoleni,
alitaka dume, jeusi, kali, la kufunga mchana.
Nikamuuliza: kivuli cha saa nane kiko upande gani?
Ukisafiri, maji atapewa na nani?
Chanjo ya kichaa ni kila mwaka, kadi utaitunza?
Akacheka. "Dada, kwani unaoza binti?"
Ndiyo, nikamwambia, na mahari ndiyo hiyo.
Akaondoka na funguo zake.

Lakini nilitaka kusema habari za Namba 212.

Asubuhi moja ya mvua za Machi tulimkuta getini
amefungwa kwa kamba ya pazia,
ya pazia zuri, la sebuleni, yenye kishada,
na pembeni kopo la siagi alilozoea kulia.
Aliyemwacha alikumbuka kopo.
Afadhali angelisahau.
Safu ya mwisho nikaiacha wazi.

Kila bodaboda ilipopanda kilima
alisimama, sikio moja juu,
akaisikiliza injini mpaka ikapita,
akalala tena,
kama mtu aliyepiga simu haikupokelewa.

Mwezi wa sita akaja mtoto na sare ya shule,
amekuja kwa miguu kutoka Kimara, viatu vyekundu kwa vumbi.
Hakubisha hodi. Aliita tu, taratibu,
"Kitunguu."
Na 212 akajikojolea palepale, mzima mzima, kwa furaha.

Eliamani, darasa la nne.
Ndani ya soksi, elfu tatu na mia mbili.
Nikamuuliza yale yale niliyomuuliza yule bwana.
Nyumba? Ya kupanga. Mwenye nyumba? Hataki mbwa.
Baba anasemaje?
"Baba alisema Kitunguu alitoroka."

Kamba ilikuwa bado msumarini.
Aliiona kabla sijaisogelea.
Akakishika kishada, akakigeuza.
"Hii ya kwetu," akasema.

Sikuwa na neno. Shaweji akajifanya anatafuta mwiko.
Mtoto akaomba kalamu,
akavuta daftari, akapita rangi, akapita chanjo,
na kwenye safu yangu pana akaandika, ulimi nje:
Tuliogopa mwenye nyumba.

Tuliogopa. Alijitia na yeye humo.

Kitunguu hakuondoka naye, nisikudanganye.
Nilimkatia risiti: chanjo, elfu tatu na mia mbili.
Aliisoma mara mbili, akaikunja,
akairudisha ndani ya soksi.
Kisha akauliza Jumamosi tunafungua saa ngapi,
na makopo huwa yanaoshwa na nani.